Shajara ya mradi: volteji rejea moja, themista kumi na mbili

Jumatatu

Bodi ya kupimia joto ya mashine ya kutotolesha imefika mahali pa uamuzi: volteji rejea, ile ambayo vipimo vingine vyote hulinganishwa nayo, itatoka wapi, na itawafikiaje wote wanaoitegemea bila kuchoka njiani.

Wanaoitegemea ni wengi. Mashine ina trei sita, na kila trei ina themista mbili, yaani rezista ambazo ukinzani wake hupungua joto likipanda, moja mbele karibu na feni na nyingine kwenye kona ya nyuma ambako hewa huwa nzito. Zote ni za kilo-omu 10 kwenye 25 °C, zenye B (namba inayoonyesha ukinzani hubadilika kwa kasi gani na joto) ya 3950, vile vichwa vyeusi vidogo vinavyopatikana kirahisi Kariakoo. Kuna potenshiomita, ile ambayo mafundi redio wanaiita volyumu, iliyofungwa kwenye mhimili wa kugeuzia mayai ili bodi ijue trei zimeinama upande gani. Kuna betri ya 12 V inayoshika kazi umeme ukikatika, nayo nataka kuijua volti zake. Vipimo vyote hivi vinasomwa na chipu mbili za MCP3208, vigeuzi vya biti 12 vinavyogeuza volteji kuwa namba, kila kimoja na njia nane za kuingizia. Njia 14 zina wenyewe. Mbili zilizobaki nimezipa kazi ya ulinzi, nitaieleza ikifika zamu yake.

Kigeuzi cha namna hii hakijui volti ni nini. Kinachojua ni kwamba volteji iliyoingia ni sehemu fulani kati ya 4,096 za ile iliyo kwenye mguu wake wa rejea. Ukimpa rejea inayoyumba, atakupa namba zinazoyumba, hata kama themista imetulia tuli. Nimechagua rejea ya 4.096 V kwa sababu inafanya kila ngazi iwe milivolti moja kamili, na hesabu zinakuwa za kichwani.

Kwenye 37.5 °C themista hizi hushuka hadi karibu kilo-omu 5.87. Juu yake nimeweka rezista ya kilo-omu 10 inayotoka kwenye rejea, kwa hiyo katikati yao napata 1.515 V, na kila digrii inasogeza volteji hiyo kwa karibu 39 mV. Sehemu ya kumi ya digrii ni ngazi nne tu. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka 37.5 hadi 37.8 °C. Joto likizidi kidogo kwa siku nyingi, vifaranga huwahi kutoka na baadhi yao kitovu kinakuwa hakijafunga. Kwa hiyo hizo ngazi nne nazihesabu moja moja.

Jumanne

Kijana ninayefanya naye kazi karakana ameuliza swali zuri: "Kaka, si tuzipe themista 5 V moja kwa moja, rejea tuwaachie vigeuzi peke yao? Mzigo wote wa rejea unaisha."

Ni kweli unaisha. Lakini 5 V ya mashine inatoka kwenye konveta ya kushusha volti, na konveta hiyo hiyo inalisha relei za hita, kioo cha maandishi na chipu kuu. Relei moja ya kawaida ya 5 V hula karibu 70 mA ikishika. Tuchukue kwamba 5 V imeshuka kwa asilimia moja tu. Kipimo cha themista kitashuka kwa zaidi ya 18 mV, na bodi itasoma badiliko la karibu 0.4 °C ambalo halikutokea popote ndani ya mashine. Hita itawaka au kuzimwa kwa kufuata uvumi.

Themista na kigeuzi vikila kutoka chungu kimoja, shida hiyo inajifuta yenyewe. Anayepika wali akipima mchele na maji kwa kikombe kile kile, hajali kama kikombe ni kikubwa au kidogo, wali utaiva sawa. Rejea ikiwa 4.096 au 4.080, themista inapata sehemu ile ile ya volteji hiyo, na kigeuzi kinasoma namba ile ile. Kwa upande wa joto, basi, ninachohitaji ni umoja: volteji iliyo juu ya rezista za themista iwe ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye miguu ya rejea ya vigeuzi vyote viwili.

Betri haimo kwenye umoja huo. Volti zake haziji kutoka kwenye rejea yangu, kwa hiyo zenyewe zinadai rejea ya kweli, yenye thamani inayojulikana. Nimeandika hili kwenye ukingo wa mchoro kwa kalamu nyekundu, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanarudi hapa: nani ashirikiane na nani, na nani akae peke yake.

Alhamisi

Hesabu ya mzigo. Themista moja na rezista yake, kwenye joto la kazi, ni 258 µA. Kumi na mbili ni 3.1 mA. Kila MCP3208 inakula takribani 100 µA kwenye mguu wa rejea, na inaweza kufika 150. Vigawanyo viwili vya ulinzi vitakula 205 µA kila kimoja. Jumla ni kama 3.8 mA.

Rejea niliyonayo ni LM4040 ya 4.096 V. Ni chipu ya aina ya shanti: unailisha kupitia rezista, nayo inamwaga mkondo uliozidi mpaka volteji ikae mahali pake. Faida yake ni kwamba haisumbuliwi na kapasita utakayoiwekea, tofauti na TL431 ambayo kuna saizi za kapasita zinazoifanya itetemeke. Lakini ikiwa LM4040 ndiyo itabeba 3.8 mA, rezista ya kuilisha lazima iwe karibu omu 180, maana kati ya 5 V na 4.096 V kuna 0.9 V tu ya kuchezea. Sasa 5 V ikishuka hadi 4.7, rezista hiyo itapitisha 3.4 mA. Mzigo unataka 3.8. Rejea inaanguka, na inaanguka pale pale relei inaposhika.

Nikiweka bafa, yaani op-ampu (chipu ya kukuza) inayonakili volteji ile ile na kubeba mzigo yenyewe, LM4040 haibebi mtu. Naipa rezista ya kilo-omu 1, inapata 0.9 mA zake, na hata 5 V ikishuka hadi 4.5 bado inapata 0.4 mA, ambayo ni zaidi ya inachohitaji kusimama imara. Mguu wa kuingizia wa op-ampu ya MCP6002 unavuta mkondo wa pikoampea. Kazi yote ya kusukuma miliampea inahamia kwenye op-ampu.

Kijana akasema LM358 tunazo nyingi kwenye kopo. Tunazo, na ni chipu ninayoiheshimu, lakini ikilishwa 5 V mguu wake wa kutolea hauvuki 3.5 V hivi. Haiwezi kufika 4.096. "Basi tuilishe na 12 V ya betri," akasema. Itafika, ndiyo, lakini sasa kuna chipu inayoweza kusukuma volti 10 kuelekea miguu ambayo mwisho wake ni volti 5 na nukta sita. Lehemu moja ikiachia kwenye njia ya mrejesho, ile inayorudisha volteji inayotoka kwenye mguu wa kuingizia ili op-ampu ijisahihishe, vigeuzi viwili vimekwisha. Na 12 V ikiwaka kabla ya 5 V, chochote kitakachotoka kwenye bafa kitawakuta vigeuzi bado havina umeme. Sitaki saketi ambayo usalama wake unategemea nani amewahi kuamka.

Kwa hiyo op-ampu itakula 5 V ile ile ya vigeuzi. Na hapa pana kitu cha kuangaliwa kwa makini unaponunua. Bafa ina volteji moja kwenye miguu yote mitatu: inayoingia, inayotoka na inayorudi. Haitoshi chipu kuweza kutoa volteji iliyo karibu na ya umeme wake, lazima pia iweze kuipokea. MCP602 inatoa vizuri hadi juu, lakini mguu wake wa kuingizia unakomea 1.2 V chini ya umeme wake, yaani 3.8 V. Jina lake na la MCP6002 zimepishana sifuri moja, na muuzaji anaweza kukupa yoyote kati ya hizo kwa nia njema kabisa. MCP6002 inapokea na kutoa kuanzia chini hadi juu.

Udhaifu wake ni mkengeuko: volteji inayotoka inaweza kupishana na inayoingia kwa hadi 4.5 mV. Ziko op-ampu zenye mkengeuko wa mikrovolti kumi kama OPA2333, kwa bei kubwa zaidi. Sikuona sababu. Kwa joto, mkengeuko unafutwa na uwiano, kwa kuwa themista na vigeuzi viko baada ya bafa pamoja. Kwa betri, 4.5 mV katika 4.096 V ni asilimia 0.11, na kwenye betri ya 12.6 V hiyo ni 14 mV. Betri ya risasi siihukumu kwa milivolti 14.

Ijumaa usiku

Nimeunganisha kwenye bredibodi. Kabla ya kuweka mpangilio niliokusudia, nimeanza na ule wa vitabu vya darasani, mguu wa kutolea umerudishwa moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kuingizia, na kila kigeuzi kina kapasita yake ya 1 µF kwenye mguu wa rejea. Nilitaka kijana aone kwa macho yake kinachotokea, kwa sababu maneno matupu kuhusu jambo hili hayakai kichwani.

Kapasita hizo si pambo. MCP3208 inapogeuza, inaunganisha kapasita zake ndogo za ndani kwenye rejea biti baada ya biti, na kila mara inanyofoa kijichaji. Ile 100 µA ya kwenye karatasi ni wastani tu, uhalisia wake ni vipigo vya ghafla. Bafa ya 1 MHz haiwahi kujibu kila kipigo. Kapasita iliyo milimita chache kutoka kwenye mguu ndiyo inayowahi.

Lakini MCP6002 haipendi kubeba kapasita. Watengenezaji wake wanaanza kutahadharisha baada ya pikofaradi 100. Mimi nimeipa mikrofaradi mbili, mara elfu ishirini. Op-ampu inatoa, kapasita inachelewesha, mrejesho unafika umechelewa, op-ampu inasahihisha kosa ambalo limeshapita, na mchezo hauishi. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika, likaonekana wimbi safi la kilohertz kumi na kitu, limekaa juu ya 4.096 V yetu. Multimita ikiwa kwenye DC ilionyesha 4.09 bila kusita. Kwa mtu asiye na osiloskopu, dalili iko kwenye njia ya ulinzi: rezista mbili sawa za kilo-omu 10, moja kutoka kwenye rejea na nyingine kwenda sifuri (waya wa pamoja wa 0 V), katikati yake kunasomwa na kigeuzi. Namba inapaswa kuwa 2,048 daima, liwe joto au baridi, iwe 5 V imeshuka au imepanda. Usiku huu ilikuwa inaruka kati ya 2,031 na 2,066.

Hiyo ndiyo kazi ya zile njia mbili zilizobaki, moja kwa kila kigeuzi. Hazipimi chochote cha duniani. Zinanipa habari ya rejea yenyewe, na programu itazisoma kabla ya kuamini themista hata moja.

Dawa ya kwanza inayojulikana ni rezista ndogo kati ya op-ampu na kapasita. Omu 22 zilinyamazisha wimbi papo hapo. Lakini 3.8 mA ikipita kwenye omu 22 inadondosha 84 mV, na rejea ikawa 4.01 V. Joto halikujali, kwa sababu ya uwiano. Betri ilijali: ilisomeka juu kwa asilimia mbili, na asilimia hiyo itabadilika kila themista zikipoa au kupata joto, maana mzigo wake unabadilika.

Kwa hiyo mrejesho una njia mbili. Ya polepole inaanzia baada ya omu 22, kwenye kapasita zenyewe, na kurudi mguu hasi kupitia rezista ya kilo-omu 10. Hiyo inaifanya op-ampu ione volteji ya kweli pale inapotumika, na kujipandisha yenyewe hadi 4.18 V ili kufidia kilichodondoka. Ya haraka inaanzia kwenye mguu wa kutolea wenyewe, kabla ya omu 22, kupitia kapasita ya 22 nF hadi mguu hasi. Mambo ya haraka yanapita huko na hayangoji kapasita kubwa. Kanuni niliyoifuata ni kwamba kilo-omu 10 mara nanofaradi 22, yaani mikrosekunde 220, iwe kubwa kwa mara kadhaa kuliko omu 22 mara mikrofaradi 2, ambayo ni mikrosekunde 44.

Wimbi limeisha. Rejea 4.095 V. Njia za ulinzi: 2,047, 2,048, mara moja moja 2,049. Kijana amezichomoa na kuzirudisha kapasita mwenyewe, mara na wimbi mara bila wimbi, mpaka akaridhika. Nimefurahi sana kuona hivyo.

Jumapili

Potenshiomita. Hii ndiyo pekee ambayo waya wa rejea unatoka nje ya bodi kuifuata. Themista hazina shida hiyo, kwa kuwa rezista zake za kilo-omu 10 ziko ndani ya bodi, na kinachotoka ni waya wa katikati na wa sifuri. Waya ukichubuka ndani ya unyevu wa mashine na kugusana, kinachopotea ni 0.4 mA na namba ya trei moja. Lakini waya wa potenshiomita unabeba rejea nzima na unapita kwenye mhimili unaozunguka mchana na usiku. Siku moja utagusa bati.

Ndani ya MCP6002 kuna op-ampu mbili, na ya pili haikuwa na kazi. Sasa inasoma LM4040 ile ile na kuilisha potenshiomita peke yake, kupitia omu 100 zilizo nje ya mrejesho. Zinadondosha 41 mV, asilimia moja, na kwa trei inayoinama digrii 45 huku na 45 kule asilimia moja si kitu. Waya mrefu nao una kapasita yake, mamia ya pikofaradi, na zile omu 100 zinaitenga na op-ampu.

Nimeugusanisha waya huo na sifuri kwa makusudi, kwa bisibisi, huku kijana akisoma namba. Mwinamo ulianguka hadi 0. Njia za ulinzi zilibaki 2,048. Joto halikutikisika.

Kuna aliyeshauri nitumie bafa nne, kila kundi la themista na bafa yake, "ili wasisumbuane". Kwa themista sikubali. Bafa mbili zinaweza kupishana kwa mikengeuko yao yote miwili, hadi 9 mV, na kwa hiyo ningekuwa nimewapa majirani vikombe tofauti baada ya kazi yote ya kuwapa kimoja. Kinachogawanywa kiwe kile kisicho na madhara kikipishana, au kile kinachoweza kuwaangusha wengine. Potenshiomita ina sifa zote mbili.

Jumatano

Bodi halisi imelehemiwa. Rejea ilikuwa shwari tangu kuwasha, lakini kila relei ya hita iliposhika, trei zote zilishuka kwa 0.2 °C hapo hapo, kisha zikarudi ilipoachia. Njia za ulinzi hazikusema kitu, na hilo lenyewe ndilo lililotuonyesha pa kutafuta: kama rejea na vigeuzi viko sawa, kinachosogea ni sifuri ya themista.

Njia ya shaba kwenye bodi, yenye upana wa robo milimita na urefu wa sentimita 10, ina karibu omu 0.2. Mkondo wa relei, 70 mA, ukirudi kupitia njia hiyo unainua sifuri ya themista kwa 14 mV juu ya sifuri ya vigeuzi. Kwa mgawanyo wetu hilo linaonekana kama 9 mV kwenye kipimo, na 9 mV kugawa kwa 39 ni hiyo 0.2 tuliyoiona. Na mwelekeo wake ni mbaya kuliko ukubwa wake. Hita ikiwaka, bodi inadhani kumepoa, hivyo inaiacha hita iendelee kuwaka.

Mtu anaweza kununua rejea ya bei kubwa kuliko zote sokoni na isimsaidie hapa, maana volteji ni tofauti kati ya sehemu mbili, na bafa inalinda ile ya juu tu. Tumekata shaba kwa kisu. Sifuri ya relei sasa ina waya wake mnene unaokwenda moja kwa moja kwenye konveta. Sifuri ya LM4040, ya vigeuzi na ya themista zote zinakutana kwenye nukta moja, na nukta hiyo inaungana na konveta mahali pamoja tu. Kwa upande wa rejea nimefanya vivyo hivyo: njia ya kila kigeuzi na ya kila kundi la rezista inaanzia kwenye kapasita, baada ya omu 22, hakuna anayepitia kwa mwenzake.

Relei ikishika sasa, namba hazisogei zaidi ya ngazi moja.

Jumamosi

Kusawazisha. Rezista za juu ya themista ni za asilimia moja, na asilimia moja hapo ni karibu 0.24 °C, lakini haihami, kwa hiyo naipima mara moja na kuiandika kwenye programu. Themista zote 12 zimefungwa pamoja kwa mpira, zikazamishwa kwenye chupa ya chai yenye barafu iliyopondwa na maji, 0 °C, kisha kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa cha duka la dawa. Vipimajoto hivyo ni rafiki wa kweli wa mtotoleshaji, kwa kuwa hutengenezwa viwe na usahihi wa takribani 0.1 °C palepale kwenye nyuzi 37 ambapo yai linaishi.

Kabla ya kusahihisha, themista zilitofautiana kwa 0.6 °C kutoka ya juu hadi ya chini. Baada ya kusahihisha zote ziko ndani ya 0.1.

Mama mwenye mashine, mfugaji wa Kibaha, amekuja kuangalia. Ametazama safu ya namba kwenye kioo, kisha akauliza: "Fundi, hizi za trei ya chini nyuma mbona ziko 37.1 na wenzake 37.6? Hujamaliza kusawazisha?" Nimemwonyesha njia za ulinzi, 2,048 na 2,048, halafu nikazihamisha themista mbili, ya kona hiyo na ya trei ya juu, zikabadilishana nafasi. Ile 37.1 haikuifuata themista, ilibaki kwenye kona. "Basi ndiyo maana pale huwa wanachelewa kutoka," amesema.

Kinachofuata ni bati la kuelekeza hewa ya feni hadi kona ya nyuma ya trei ya chini. Thamani za mwisho za bafa, kwa atakayeijenga: LM4040 ya 4.096 V na kilo-omu 1. Nusu ya kwanza ya MCP6002 na omu 22, kilo-omu 10, 22 nF, na 1 µF kwa kila kigeuzi. Nusu ya pili na omu 100. 100 nF kwenye kila mguu wa kuingizia wa kigeuzi.